Kilichobaki Nje ya Hesabu

Mwaka 1941, Ulaya ikiwa katikati ya vita, Erik Holmberg wa Lund, kusini mwa Sweden, alitaka kujua jambo moja kuhusu galaksi: mbili zikipitana kwa karibu, je, zinaweza kunasana zisiachane tena? Miaka minne kabla ya hapo, katika tasnifu yake, alikuwa amezichunguza galaksi zinazoonekana angani mbilimbili na tatutatu, na wingi wake ulimpa shida. Kama kila moja ilizaliwa kivyake, zilikutanaje? Na zilipokutana, nini kilizizuia kuendelea na safari?

Kanuni ya kujibu swali hilo ipo tangu enzi za Newton. Tatizo ni urefu wa hesabu. Galaksi ina nyota mabilioni, na kila nyota inavutwa na zote zilizobaki. Hata ukikubali kuigawa kila galaksi katika vipande 37 tu, galaksi mbili zinakupa vipande 74, na vipande 74 vina jozi 2,701 zinazovutana. Unapiga hesabu ya jozi zote, unasogeza kila kipande kidogo, na papo hapo kazi yako imeshapitwa na wakati, kwa kuwa umbali kati ya vipande umebadilika. Inabidi uanze upya, tena na tena, na kompyuta ya kukusaidia haipo.

Holmberg aliona kwamba mwanga wa taa hupungua kwa kanuni ileile ya mvutano. Ukiwa mbali mara mbili, unabaki robo. Mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Basi akachukua glopu 74, akazipanga katika duara zilizozungukana, 37 kwa kila galaksi, nguvu ya mwanga wa kila glopu ikisimama badala ya uzito. Kisha kazi ikaanza. Anaondoa glopu moja, anaweka mahali pake fotoseli, yaani kifaa kinachohisi mwanga, anasoma kwenye galvanomita mwanga unaoifikia kutoka huku na kutoka kule. Upande ulioelemea kwa mwanga ndio upande ambao kipande kile kinavutwa. Anaandika, anarudisha glopu, anahamia ya pili. Akimaliza zote, anazisogeza zote, kila moja kwa kadiri ya ilivyovutwa, kisha anarudi kwenye glopu ya kwanza.

Matokeo yalichapishwa Novemba mwaka huohuo katika jarida la Astrophysical Journal la Marekani. Michoro yake inaonyesha galaksi mbili zikikaribiana, umbo la duara likianza kuharibika, na vipande vya pembeni vikichomoka kwa namna inayokumbusha mikono ya galaksi za mzunguko. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kule kuharibiana umbo kunakula nguvu ya mwendo. Galaksi zilizokuja kwa kasi zinaweza kuondoka na kasi pungufu, na kasi ikipungua vya kutosha haziondoki. Jibu la swali lake likawa ndiyo.

Huo ndio uigaji wa kwanza wa galaksi zinazogongana, na kwangu ndipo inapoanzia njia ya kuziiga galaksi kwa hesabu. Nimeifuata kwa kuzisoma makala za kwanza zenyewe, na kila kituo nimejiuliza swali lilelile: hapa, nini kiliachwa nje? Kwa Holmberg orodha ni ndefu. Mpangilio wake ulikuwa bapa, kwa hiyo urefu wa kwenda juu haukuwamo. Gesi haikuwamo. Na haukuwamo uzito mwingi kuliko wote, ambao habari zake zilikuwa zimeshaandikwa miaka minane kabla.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichambua kasi za galaksi katika kundi la Coma. Zilikuwa zinakwenda mbio mno. Uzito wa nyota zinazoonekana usingeweza kuzishikilia. Kundi lilipaswa kuwa limetawanyika zamani. Zwicky akaandika kwamba lazima kuna maada giza, nyingi kuliko ile inayong'aa. Wenzake wengi waliliweka jambo hilo kando, na likakaa kando kwa karibu miaka 40. Siwalaumu sana. Hawakuwa na la kufanya nalo.

Kompyuta zilipoingia vyuoni, kazi ya glopu ikahamia humo. Sebastian von Hoerner, huko Heidelberg, aliweza kufuatilia vitu 16 vinavyovutana mwaka 1960. Sverre Aarseth wa Cambridge akafika 100 mwaka 1963. Ni chini ya glopu za Lund kwa yule wa kwanza, na zaidi kidogo kwa wa pili, lakini mashine ilikuwa inaweza kurudia hatua maelfu bila kuchoka. Kisha Jim Peebles wa Princeton akaenda Los Alamos, maabara iliyozaliwa na bomu la atomiki na yenye kompyuta kubwa kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 1970 akachapisha uigaji wa kundi la Coma wenye nukta 300. Kila nukta ni galaksi nzima. Alizianzisha zikisambaa pamoja na ulimwengu unaotanuka, akaacha mvutano ufanye kazi. Kutanuka kukapungua, kukasimama, nukta zikaanza kurudi nyuma na kuangukiana, na mwisho zikatulia katika kundi lililojaa katikati na kupungua pembeni, kama Coma lenyewe linavyoonekana kwenye darubini.

Nakipenda kituo hiki kwa sababu ndipo swali lilipobadilika. Holmberg aliuliza galaksi zinafanya nini zikikutana. Peebles aliuliza mkusanyiko wenyewe unatokea wapi, kuanzia ulimwengu ambao karibu kila mahali ulikuwa sawa. Miaka 49 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Simon White akaipeleka mbele hesabu ya Coma mwaka 1976, kwa nukta 700. Alionyesha kwamba kama uzito uliopotea wa Zwicky ungekuwa umebebwa na galaksi zenyewe, zile kubwa zingezama hadi katikati ya kundi na Coma lingeonekana tofauti kabisa. Hazijazama. Kwa hiyo uzito ule umetandazwa katika kundi zima. Wakati huohuo Vera Rubin na Kent Ford, wakianzia na galaksi ya Andromeda mwaka 1970, walikuwa wanaonyesha kwamba nyota na gesi za pembeni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi isiyopungua inavyotarajiwa. Sasa maada giza haikuweza tena kuachwa nje.

Kati ya hapo kuna ndugu wawili ambao siwezi kuwapita haraka. Alar na Juri Toomre walizaliwa Estonia, wakatoroka na familia yao wakiwa watoto mwaka 1944, na hatimaye wakafika Marekani. Mwaka 1966 Halton Arp alikuwa amechapisha atlasi ya galaksi 338 zenye maumbo ya ajabu: zenye mikia mirefu myembamba, zilizounganishwa kwa madaraja, zilizopinda. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba mvutano peke yake unaweza kutoa mkia mwembamba hivyo. Walifikiria sumaku, au milipuko.

Ndugu Toomre walisema ni kupwa na kujaa. Aliyekulia pwani anaielewa nguvu hii hata kama hajawahi kuiandikia mlinganyo. Mwezi unaivuta bahari iliyo upande wake kuliko unavyoivuta katikati ya dunia, na unaivuta katikati kuliko bahari ya upande wa pili. Tofauti hiyo ndiyo inayonyoosha maji pande mbili, ndiyo maana yanajaa mara mbili kwa siku. Galaksi mbili zikipitana, tofauti hiyohiyo inazinyoosha. Nyota za upande wa karibu zinachomoka kuelekea kwa jirani na kuwa daraja. Za upande wa mbali zinaachwa nyuma na kuwa mkia. Ila kuna sharti: mkia hutoka vizuri pale galaksi inapozunguka kuelekea upande uleule anakopita jirani. Nyota za ukingoni zinakwenda sambamba na mgeni kwa muda mrefu, zinavutwa muda wote huo. Ikizunguka kinyume, mvuto unakuja na kuondoka upesi, na galaksi inaumia kidogo tu.

Katika makala yao ya 1972 walitengeneza tena, kwa hesabu, jozi kadhaa zinazojulikana. Mojawapo ni Antena, galaksi mbili zenye mikia miwili mirefu iliyopinda kuelekea pande tofauti. Kila galaksi waliiweka kuwa nukta moja yenye uzito, iliyozungukwa na duara za nukta zisizo na uzito wowote, ili kompyuta isizidiwe. Ni urahisishaji mkubwa mno, na bado mikia ilitoka pale ilipotakiwa kutoka. Miaka mitano baadaye Alar akaenda hatua zaidi: galaksi zinazonasana hatimaye huungana, na huenda galaksi za duaradufu, zile zisizo na mikono, ndizo mabaki ya miungano hiyo.

Lakini nyota za ndugu Toomre hazizeeki. Hapa anaingia Beatrice Tinsley, aliyezaliwa Uingereza mwaka ule wa glopu, 1941, na kukulia New Zealand. Katika utafiti wake wa udaktari huko Texas alifanya jambo linaloonekana wazi mtu akishaambiwa. Nyota kubwa za bluu zinakufa mapema, ndogo nyekundu zinaishi muda mrefu, zinazokufa zinarudisha gesi, na gesi hiyo inazaa nyota nyingine. Ukifuata mzunguko huo, galaksi inabadilika rangi na mwangaza kadiri umri unavyokwenda. Wakati huo baadhi ya wakubwa wa fani walikuwa wanazitumia galaksi kubwa kupimia umbali wa ulimwengu, wakizichukulia kwamba mwangaza wake haujabadilika kwa vyovyote vya maana. Tinsley aliwaambia kipimo chao kinasogea. Mwaka 1978, pamoja na Richard Larson, alirudi kwenye atlasi ya Arp na kuonyesha kwamba rangi za galaksi zilizogongana zimetawanyika kwa namna inayoashiria milipuko mipya ya uzazi wa nyota. Kugongana kunasukuma gesi, gesi inasongamana, nyota zinazaliwa kwa wingi. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 40. Naamini jina lake lilistahili kutajwa mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Gesi, basi. Njia yote hii imekuwa ikiizunguka gesi bila kuikabili, na mahali ilipoanza kuonekana kwa ukubwa wake halisi ni karibu na kwetu.

Kutoka Malindi unafuata barabara ya Garsen. Ukifika Gongoni unakata kulia kuelekea baharini, unapita mashamba ya chumvi, unatokea Ngomeni. Nilipofika maji yalikuwa yamekupwa na ngalawa zimelala kwenye tope. Kwa mbali baharini yanaonekana majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yake, na moja linaitwa San Marco. Waitaliano waliyaweka hapo miaka ya 1960 kwa kurushia setilaiti, kwa mpango na Marekani, na kurusha kuliendelea hadi 1988.

Pwani hii ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, na faida za ikweta ni mbili. Kwanza, dunia yenyewe inazunguka kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo bure. Ya pili ni muhimu zaidi kwa habari hii: setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa eneo la kusini mwa Atlantiki ambako mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia inashuka chini na kuvuruga vipimo. Mashine ya kupokea eksirei kutoka angani inahitaji utulivu huo.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliondoka San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru siku hiyo, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa NASA. Kiongozi wa wanasayansi alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Nobel. Eksirei haziwezi kupenya hewa ya dunia, kwa hiyo kabla ya hapo zilipimwa kwa roketi zilizopaa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili na kuacha orodha ya vyanzo 339.

Miongoni mwa vyanzo hivyo yalikuwamo makundi ya galaksi: Virgo, Perseus, na lile la Coma la Zwicky na Peebles. Na eksirei zake hazikutoka kwenye nukta moja. Zilitoka katika eneo zima la kundi, hata mahali pasipo na galaksi yoyote. Maelezo yaliyokuwa rahisi zaidi ni kwamba nafasi kati ya galaksi imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Lakini yalikuwapo maelezo mengine: pengine ni elektroni za kasi zinazogongana na mwanga, na gesi haipo.

Jibu likatoka bahari ileile. Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka San Marco, na mwaka 1976 watafiti wake walitangaza kwamba katika eksirei za kundi la Perseus wameona alama ya chuma. Elektroni za kasi hazina chuma. Ni gesi, na ni ya moto kweli. Tena chuma hicho kilikuja na habari ya pili. Mwanzo wa ulimwengu ulitoa haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo sana, basi. Chuma hupikwa ndani ya nyota na kumwagwa zinapolipuka. Gesi yenye chuma, ikiwa nje ya galaksi, maana yake ni kwamba kuna kitu kilichotoka ndani ya galaksi na kutupwa nje. Tunajua leo kwamba katika makundi makubwa gesi hii inazidi nyota zote kwa uzito mara kadhaa. Wajenzi wa modeli walikuwa wakihesabu galaksi, na sehemu kubwa ya maada ya kawaida ilikuwa haimo ndani ya galaksi.

Nilisimama pale Ngomeni nikifikiri ni wangapi, hata Malindi penyewe, wanaojua kwamba mambo hayo mawili yalipatikana kwa vyombo vilivyoondokea hapo. Ninaandika makala hii kwa sehemu kubwa ili idadi yao iongezeke.

Mwaka 1978 White, pamoja na Martin Rees wa Cambridge, wakaiingiza gesi kwenye hadithi. Pendekezo lao lina hatua mbili. Kwanza maada giza inajikusanya kwa mvutano na kutengeneza mawingu makubwa, yaani halo, madogo yakitangulia na kuungana kuwa makubwa. Kisha gesi inaangukia ndani ya halo, inapata moto kwa kugongana, inatoa mwanga, inapoa, inazama katikati, na hapo nyota zinazaliwa. Galaksi ni kile kilichopoa. Katika makala ileile waliona tayari kwamba mpango wao unatoa galaksi ndogo nyingi kupita kiasi, kwa sababu gesi kwenye halo ndogo inapoa kwa urahisi mno. Wakasema lazima kuna kitu kinachoizuia. Hesabu zote zilizofuata zinaishi ndani ya makala hiyo.

Maada giza yenyewe ni kitu gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wengi waliipa nafasi nyutrino, chembe iliyokuwa inajulikana tayari. White, Carlos Frenk kutoka Mexico na Marc Davis waliijaribu kwenye kompyuta mwaka 1983. Nyutrino zinakwenda mbio, kwa hiyo zinafuta mikusanyiko midogo. Yanaanza kuzaliwa makubwa, na galaksi zinachelewa. Ulimwengu wa kwenye kompyuta haukufanana na ramani ya galaksi iliyokuwa ikichorwa Harvard. Nyutrino ikaanguka, na iliangushwa na uigaji. Wakiongezeka na George Efstathiou, wanne hao wakajaribu maada giza baridi, yaani ya chembe zisizo na mbio, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo ya chembe 32,768. Safari hii ilifanana: nyuzi ndefu za galaksi, mafundo pale nyuzi zinapokutana, na utupu mkubwa kati yake. Mwaka uliofuata Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra wakatoa kipande cha anga halisi chenye galaksi zaidi ya 1,000 zilizopimwa umbali, na humo kulikuwa na nyuzi na utupu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1986 Josh Barnes na Piet Hut walionyesha jinsi kundi la chembe za mbali linavyoweza kuhesabiwa kama chembe moja, na jozi ambazo zingeizidi kompyuta yoyote zikapungua hadi zinazowezekana. Mwaka 1992 setilaiti ya COBE ikapima tofauti ndogo za joto katika mwanga wa kale kuliko wote, kama sehemu moja katika 100,000, na wajenzi wakapata mahali halisi pa kuanzia. Mwaka 1998 ikagundulika kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi. Mwaka 2005 timu ya Volker Springel huko Garching, Ujerumani, ikatoa uigaji wa Millennium: chembe zaidi ya bilioni 10 katika mchemraba wenye upande wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Kompyuta yenye prosesa 512 ilifanya kazi zaidi ya mwezi mmoja.

Na gesi? Haikuwamo. Millennium ilikuwa maada giza peke yake. Galaksi zake karibu milioni 20 ziliwekwa baadaye, kwa milinganyo iliyosema halo ya aina hii ingezaa galaksi ya aina hii.

Sababu yake ni kwamba gesi ni ngumu. Maada giza inajua mvutano tu. Gesi inasukumana, inapoa, inazaa nyota, inalipuliwa. Walioiingiza moja kwa moja walikutana na tatizo la White na Rees kwa ukali: gesi inapoa kupita kiasi, galaksi zinakuwa nzito mno, nyota nyingi mno. Kwenye galaksi ndogo tiba ilipatikana katika milipuko ya nyota, ambayo inaweza kuifukuza gesi kutoka kwenye halo nyepesi. Ndicho kile chuma cha Perseus kilichokuwa kikisema. Kwenye galaksi kubwa milipuko haitoshi. Mvutano unairudisha gesi. Hapo wajenzi waligeukia mashimo meusi yaliyo katikati ya galaksi. Shimo lenyewe halitoi kitu, lakini maada inayolizunguka kabla ya kuingia inatoa nguvu nyingi, na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ikiifikia gesi, inaizuia isipoe.

Mwaka 2014 mradi wa Illustris ulionyesha galaksi maelfu zenye mikono, za duaradufu, za bluu na nyekundu, zote zikitoka kwenye hesabu moja. Picha zake zinafurahisha macho. Lakini ukiuliza ni kitu gani kilitokea kwa gesi ya makundi madogo ya galaksi, unakuta mashimo meusi ya Illustris yaliipuliza nje kuliko eksirei zinavyoruhusu. Timu yenyewe ililisema jambo hilo wazi, na toleo lililofuata, IllustrisTNG, likabadilisha namna mashimo hayo yanavyotoa nguvu. Timu ya EAGLE, 2015, ilichagua kurekebisha vipimo vyake hadi idadi na ukubwa wa galaksi za leo vifanane na vinavyoonekana, kisha ikaupima uigaji kwa mambo mengine ambayo haikuyarekebisha. Romeel Davé, aliyefanya kazi Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini kabla ya kwenda Edinburgh, alitoa na wenzake Mufasa, kisha Simba mwaka 2019, ambamo mashimo meusi yanakua na kurusha gesi kwa njia tofauti na za wengine.

Tofauti hizo zina sababu moja. Katika Illustris kipande kidogo cha gesi kina uzito wa zaidi ya jua milioni 1. Nyota moja inayolipuka haionekani humo. Shimo jeusi linaonekana kama nukta. Kwa hiyo milipuko na mashimo havihesabiwi. Vinaandikwa kama kanuni, na kila timu inaandika yake. Timu tatu zinaweza kutoa galaksi zinazofanana, huku gesi inayozizunguka ikiwa mbalimbali kabisa. Hapo ndipo penye kuamuliwa nani yuko karibu na ukweli, na ndiyo maana naona eksirei bado ni shahidi mkuu.

Februari 2016 Japani ilirusha setilaiti ya Hitomi. Ilipotea kabla Machi haijaisha, ila ilikuwa imeshalitazama kundi la Perseus, na kwa alama ileile ya chuma iliyoonwa na Ariel V ikapima kwa mara ya kwanza jinsi gesi hiyo inavyovurugika: kilomita 164 hivi kwa sekunde. Karibu na shimo jeusi linalopuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, wengi walitarajia msukosuko zaidi ya huo. Septemba 2023 Japani ikarusha XRISM kuendeleza kazi iliyokatika, na vipimo vyake vimeshafika hadi kundi la Coma. Wanaoandika kanuni za mashimo meusi sasa wanatakiwa kueleza jinsi nguvu inavyosafiri kutoka katikati ya kundi hadi pembezoni, ikatosha kuizuia gesi isipoe, bila kuitikisa kuliko inavyoonekana ikitikisika.